Kisu cha kukunja cha babu: Okapi ya Mjerumani au ya Afrika Kusini? Na mwezi na nyota kwenye mpini vimefuata nini?

#1 Mpini Mweusi (Tanga)
Wakuu, salaam. Wapenzi wa visu vya kukunja njooni hapa.

Jumapili shangazi kafungua sanduku la marehemu babu. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kaniki, nimekuta hiki kisu. Ninavyo visu kumi na kimoja nilivyonunua kwa fedha yangu. Hiki cha kumi na mbili sikukitolea senti, lakini ndicho kimeninyima usingizi.

Mpini ni wa mti, rangi ya kahawia iliyoiva, umepinda kidogo kwa nyuma. Ubavuni una mwezi mwandamo na nyota. Shingoni kuna pete ya chuma. Ukifungua, bapa linalia krr-krr-krr mpaka likaze, na bila kuivuta ile pete halirudi. Kutu nyekundu imeanzia kwenye shina la bapa ikafika karibu katikati, na palipokuwa na maandishi hapasomeki kitu. Kuanzia katikati hadi karibu na ncha chuma kimekuwa cheusi kama kimepitiwa na moshi.

Babu alikuwa akikiita "kisu cha Mjerumani". Mjomba anasema babu alichanganya, visu vya aina hii vinaitwa Okapi na ni mali ya Afrika Kusini. Nani mkweli? Na mwezi na nyota vimefuata nini kwenye kisu? Jioni nakipeleka kwenye jiwe la umeme kisuguliwe ili nisome maandishi. Picha nne hapo chini.

#2 Mzee wa Kinoo (Dar)
Simama hapo hapo. Usikipeleke kwenye jiwe la umeme.

Muhuri wa kisu kama hicho umepigwa kwenye shina la bapa, karibu na pete, yaani pale pale penye kutu. Jiwe likipita mara mbili umefuta cheti chake cha kuzaliwa. Halafu lile jiwe linachemsha chuma. Ukiona rangi ya bluu inatambaa kuelekea kwenye makali, ujue kimefika karibu nyuzi 300 na ugumu umeondoka. Utanoa asubuhi, mchana makali yamelala. Nimenoa visu vya watu kwa jiwe la baiskeli miaka tisa, na vilivyoharibiwa na umeme nimeletewa vingi mno.

Tafuta ndimu na kitambaa laini. Paka kwenye kutu tu, subiri dakika kumi, futa, rudia. Ukimaliza osha kwa maji na sabuni, kausha juani, paka mafuta siku hiyo hiyo. Asidi ya ndimu haichagui, ikimaliza kutu inaanza kula chuma.

#3 Jicho la Mnada (Morogoro)
Hongera mkuu, kisu kizuri. Ila mjomba yuko sahihi. Okapi ni ya Afrika Kusini tangu mwanzo. Ninazo tatu na zote zimepigwa South Africa.

#4 Mswahili wa Leicester
Hapana #3, "tangu mwanzo" si kweli. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, tena kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Mjerumani Afrika. Mwaka 1988 kampuni ya Afrika Kusini ikanunua jina na mitambo, na tangu hapo zinatengenezwa huko. Zako tatu ni za baada ya hapo. Ya babu inaweza kuwa ya upande wowote, muhuri ndio utakaosema.

Na tukumbuke huku kwetu ndiko kulikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa hiyo kisu hiki kubuniwa kwa ajili ya mikono kama ya wazee wetu si jambo la kushangaza.

#5 Jicho la Mnada
Nimejifunza. Nafuta "tangu mwanzo".

#6 Bint Pwani (Mombasa)
Waungwana, mimi nauona mwezi na nyota kama jambo lililo wazi. Mjerumani alikuwa mfanyabiashara. Alijua pwani hii wateja wake ni Waislamu, akatia alama watakayoipenda. Nyumbani kwetu Mzee alikuwa na Okapi kama hiyo hiyo, na kila akichinja kuku alikuwa akisema kisu chenyewe kina mwezi. Akikipenda kweli kweli.

#7 Kolwezi Moja (Lubumbashi)
Jambo bandugu. Nyinyi munazungumza mwezi, miye nizungumze mnyama. Okapi ni mnyama wetu wa Congo, anaishi msitu wa Ituri, mwenye miguu ya mistari kama punda milia lakini ndugu yake ni twiga. Wazungu wa sayansi walimwandika mara ya kwanza 1901. Kisu kikatoka 1902. Munaona? Wakati ule jina la okapi lilikuwa katika magazeti yote ya Ulaya, ndiyo wakalichukua. Mwezi na nyota ni sababu okapi anatembea usiku msituni.

#8 Mwalimu wa Baiolojia
#7, mwaka wako ni sahihi, lakini okapi hutafuta chakula hasa mchana. Akitembea gizani ni kidogo tu. Kama mwezi umewekwa kwa sababu ya mnyama, basi aliyeuweka hakumjua mnyama mwenyewe. Jambo hilo linawezekana pia, maana 1902 ni Wazungu wachache mno waliokuwa wamemwona akiwa hai.

#9 Kolwezi Moja
Sawa mwalimu. Lakini ile ya 1901 na 1902 siiachi.

#10 Mzee wa Kinoo
Hii ya dini na hii ya mnyama zote zinanipa shaka. Tazameni visu vya zamani kwa jumla. Zwilling ya Solingen, Ujerumani, ina mapacha wawili tangu 1731. Opinel ina mkono wenye taji. Mercator ina paka anayeruka. Douk-Douk ya Thiers, Ufaransa, iliyoanza 1929, ina sanamu ya pepo wa visiwa vya Melanesia. Mnunuzi asiyejua kusoma alikuwa anakwenda dukani na kusema nipe kisu cha paka, nipe kisu cha mkono. Mwezi na nyota vinafanya kazi ile ile: alama ya kuonwa na jicho na kupapaswa na kidole, basi.

#11 Bint Pwani
Mzee wangu, hata kama ni alama tu, aliyeichagua angeweza kuweka ndizi au mbuzi. Kwa nini mwezi? Na hiyo Douk-Douk uliyoitaja mwenyewe, watengenezaji wake wana kisu kingine kiitwacho El Baraka, chenye nakshi za mtindo wa Kiarabu na kisicho na sanamu. Wazungu walijua kusoma soko.

#12 Nahodha wa Sur (Muscat)
Bint Pwani kajibu vizuri, nami naongeza la tatu. Ule mlio wa krr-krr na ile pete si uvumbuzi wa Mjerumani. Visu vya Kihispania viitwavyo navaja vilikuwa na meno na pete kama hivyo zamani sana kabla ya 1902. Na navaja zilipambwa mipini kwa vipande vya shaba. Mjerumani alichukua kisu kizima pamoja na tabia yake ya kupambwa. Mwezi na nyota unaweza kuwa urembo tu uliosafiri na kisu.

Ninayo navaja moja ya zamani, nimeiweka pembeni ya Okapi kwenye picha. Tazameni meno, ni kama ndugu wa tumbo moja.

#13 Jicho la Mnada
Nahodha, picha yako imenifanya nitoe zangu kabatini. Kweli meno yale yale.

Wakati mnaendelea na mwezi, nionyeshe kilichoingia wiki hii. Nimenunua koti la mtumba, nikatia mkono mfuko wa ndani kuangalia kama umetoboka, nikagusa kitu baridi. Kisu cha Victorinox, kidogo chekundu, kile cha milimita 58, na kijiti cha meno kimo! Koti lenyewe halinitoshi.

#14 Mswahili wa Leicester
Kijiti cha meno kuwepo ni bahati kubwa, hicho ndicho huwa cha kwanza kupotea. Hongera sana.

Kwa wasiojua: Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, akaanza kuuzia jeshi visu 1891, na kile cha maofisa kikasajiliwa 1897. Mama yake aliitwa Victoria. Alipofariki 1909 mwanawe akaipa karakana jina lake, na 1921 walipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu wakaongeza "inox". Kila nikikishika nakumbuka kwamba jina la mama ndilo limebaki.

#15 Jicho la Mnada
Nilikuwa najua Victorinox ni mji! Asante.

#16 Mpini Mweusi
Wakuu nimerudi. Sikwenda kwenye jiwe la umeme, Mzee wa Kinoo Mungu akulipe.

Nimetumia ndimu mbili na kipande cha fulana ya zamani. Mara ya kwanza kitambaa kilitoka rangi ya matofali. Mara ya tatu ikaanza kuonekana mistari midogo ya kunoa ya zamani, yote imelala upande mmoja, kama mtu aliyekuwa akinoa kwa mkono wa kushoto. Babu alikuwa wa kushoto. Nilikaa nikaiangalia muda mrefu.

Mara ya tano yakatokea maandishi. Mstari wa juu: OKA, halafu shimo la kutu. Wa chini mwanzo umeliwa, mwisho unasomeka wazi: MANY.

#17 Bint Pwani
GERMANY! Babu kashinda. Nimesimama jikoni napiga vigelegele peke yangu.

#18 Jicho la Mnada
Mjomba aombe radhi kwenye kaburi.

#19 Mwalimu wa Baiolojia
Hongera. Lakini tusikimbie. "Kisu cha Mjerumani" kina maana mbili. Kilitengenezwa Ujerumani, hilo sasa limethibitika. Au kilinunuliwa wakati wa Mjerumani, na hilo bado. Mwingereza aliingia Tanga 1916. Babu yako alizaliwa mwaka gani?

#20 Mpini Mweusi
Shangazi anakadiria 1934 au 1935. Kwa hiyo hakununua yeye enzi za Mjerumani. Ila baba yake alifanya kazi shamba la katani, na wakati wa Mjerumani alikuwa kijana tayari. Hakuna aliyebaki wa kutuambia kama kisu kilitoka kwake.

#21 Mswahili wa Leicester
Tazameni lugha ya muhuri. Kama kisu kilitengenezwa kwa koloni la Mjerumani, kwa nini kiandikwe GERMANY kwa Kiingereza? Hiyo ni dalili kwamba kililenga soko la Mwingereza. Kwa mawazo yangu ni cha baada ya 1916, tena baadaye sana.

#22 Nahodha wa Sur
Hoja nzuri lakini haitoshi. Sheria ya Uingereza ya 1887 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za nje zinazofanana na zake ziandikwe zilikotoka, na moja ya vitu vilivyoleta ugomvi ni visu vya Kijerumani vilivyoigiza vya Sheffield, mji wa visu wa Uingereza. Kuanzia hapo viwanda vya Ujerumani vilizoea kupiga muhuri wa Kiingereza. Cha 1905 kinaweza kuwa na neno hilo hilo.

#23 Mzee wa Kinoo
Kuna jingine. Bidhaa nyingi za baada ya 1949 ziliandikwa WEST GERMANY, mpaka nchi ilipoungana 1990. Mpini, mbele ya mstari ule wa chini kuna nafasi ya neno WEST?

#24 Mpini Mweusi
Nimepima kwa rula. Kabla ya MANY pameliwa kama milimita nane. GER inahitaji kama tatu hivi kwa ukubwa wa herufi hizi. Nafasi ya WEST inaweza kuwepo, au pakawa patupu tu. Nimeangalia kwa tochi ya simu nikiinamisha kila upande. Kuna kitu kama mguu wa herufi, lakini kutu nayo inachora inavyotaka.

#25 Mswahili wa Leicester
Usiongeze ndimu hapo. Ukiendelea kuutafuta huo mguu utaula.

#26 Kolwezi Moja
Na kama bapa lilibadilishwa? Huku kwetu fundi anatoa msumari, anatia bapa la kisu kingine, anagonga tena. Mpini unaweza kuwa wa mwaka mmoja na bapa la mwaka mwingine.

#27 Mpini Mweusi
Msumari nimeutazama, kichwa chake kimesawazika na hakuna alama ya nyundo. Lakini siwezi kuapa.

Sasa swali la haraka: mafuta gani? Nyumbani kuna ya nazi na ya cherehani.

#28 Bint Pwani
Ya nazi, kakangu. Hewa ya bahari haina huruma, na mafuta ya nazi ndiyo tuliyokuwa tukipaka kila kitu.

#29 Mkulima wa Arusha
Ya nazi kwa pwani sawa. Mimi nilipaka kwenye Mercator yangu, asubuhi ya mwezi wa saba nikakuta bapa limeganda halifunguki. Mafuta ya nazi yakifika chini ya nyuzi 24 hivi yanakuwa kama kiwi cha viatu. Paka ya cherehani.

Kwa wasioijua Mercator: ni K55K nyeusi yenye paka, mpini wa bati lililokunjwa. Inaelezwa K ya kwanza ni Kaufmann aliyekuwa na kiwanda Solingen, 55 ni namba ya jengo, na K ya mwisho ni Katze, yaani paka kwa Kijerumani.

#30 Mzee wa Kinoo
Cherehani kwenye meno na msumari, tone moja. Kwenye bapa, kama anakatia chakula, apake ya kula na afute mpaka libaki kama limepumuliwa tu. Mafuta ya kitani ni ya mpini peke yake, yanakauka na kuwa gundi, yakiingia kwenye meno umejiletea kazi.

#31 Bint Pwani
Hapo kwenye mpini nina kesi. Nimepata Opinel namba 8 kutoka kwa shemeji aliyerudi Ufaransa, ya chuma cha kawaida, siyo ya inox. Nimefurahi nayo wiki mbili, mvua zikaanza, ikagoma. Pete inazunguka vizuri lakini bapa halitoki hata kwa kucha. Mume wangu anasema kutu. Mimi nasema mti umevimba.

#32 Mswahili wa Leicester
Mume kakosea safari hii. Mpini wa Opinel ni mti mtupu uliochanwa, unakunywa unyevu na kulibana bapa. Wenyewe watu wa Savoie, Ufaransa, alikotoka Joseph Opinel aliyekianzisha 1890, wana dawa yao: zungusha pete ifungue, kisha gonga tako la mpini kwenye meza. Bapa linachomoza kidogo, unalishika. Pete yenyewe ilikuja baadaye, 1955, ndiyo maana ile njia ya kugonga ni ya zamani.

#33 Bint Pwani
Nimegonga mara mbili, limechomoza! Lakini kwenye msumari kuna kutu kidogo pia, kwa hiyo mume wangu naye anadai kashinda.

#34 Jicho la Mnada
Leicester, huko unaweza kutembea na Okapi mfukoni?

#35 Mswahili wa Leicester
Hapana. Huku Uingereza cha kukunja kisichokaza, makali yasiyozidi inchi 3, unaweza kubeba. Kinachokaza kama Okapi lazima uwe na sababu ya kueleweka. Zangu hazitoki nyumbani. Na mkisafiri kwa ndege, kisu kiwe kwenye mzigo wa chini. Rafiki yangu alisahau kimoja cha baba yake kwenye begi la mkononi, kikatupwa kwenye pipa mbele ya macho yake. Mpaka leo hapendi tuzungumzie visu.

#36 Mzee wa Kinoo
Turudi kwa babu. Mpini, kwenye #1 umesema bapa ni jeusi kuanzia katikati hadi karibu na ncha. Umeutoa ule weusi?

#37 Mpini Mweusi
Bado. Nilipanga kuutoa leo kwa msasa namba 1000.

#38 Mzee wa Kinoo
Acha kabisa. Kutu nyekundu inakula chuma, lakini weusi ule ni ngozi, unakilinda kidogo. Unakuja kwa asidi ya matunda au kwa vitunguu, miaka na miaka. Na ukikaa sehemu moja tu ya makali, maana yake mtu alikuwa anakata kitu kimoja kwa namna moja kila siku. Babu alikuwa anakata nini?

#39 Mpini Mweusi
Mzee, umeniweza.

Machungwa. Alikuwa na miti kumi na minne huko Muheza. Jioni tulikuwa tunapanga foleni wajukuu, anamenya moja moja bila kukata ganda, linashuka kama utepe mpaka chini, na wa mwisho kwenye foleni ndiye anayepewa utepe avae shingoni. Alikuwa anazungusha chungwa, kisu hakitembei. Sehemu nyeusi ndiyo hasa ile iliyokuwa inagusa chungwa. Nimekishika hivyo sasa hivi na kimekaa.

Msasa nimeurudisha kwenye droo.

#40 Kolwezi Moja
Ndugu, sasa hata kama ni cha 1902 ao cha 1970, picha ya huo weusi tafazali, ya karibu.

#41 Nahodha wa Sur
Picha, ndiyo. Na kuhusu mwezi na nyota, nimemwandikia jamaa yangu mwenye navaja tano aangalie kama kuna yenye mwezi. Akijibu nitaleta hapa.

#42 Bint Pwani
Hata akiwa nazo kumi, mwezi wa Mzee wangu ni wa Pwani.

#43 Mpini Mweusi
Picha ya weusi hiyo hapo, nimeipiga dirishani.

Nimekinoa kwa kinoo cha maji, mkono wa kushoto kama yeye, nikifuata ile mistari. Nimenunua machungwa sita sokoni. La kwanza ganda limekatika mzunguko wa tatu. La pili wa nne. La tano limefika karibu na mwisho, mtoto wangu akakimbia kuleta shingo, likakatika. Limebaki moja, linasubiri shangazi aje kesho aone.